Neno Lililobaki kwa Baba

Kikapu kilikuwa cha plastiki nyeusi, chenye matundu, na mikanda ya kufungia nyuma ya masikio. Kaka alikileta akakiacha juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na chaki. Tangu kiwekwe pale Mama Kijiko alikuwa akikizunguka kama mtu anayezunguka nyoka baada ya kuambiwa kwamba amekufa.

Hakikuwa kikapu cha kubebea kitu. Kilikuwa cha kumvika mbwa mdomoni, na aliyetakiwa kumvika ni yeye Mama Kijiko.

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala barazani pembeni ya kiti cha Baba. Alikuwa mkubwa, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, sikio moja limesimama na jingine limejilalia. Jina lake Shemeji. Kaka ndiye aliyemleta, angali mdogo wa kuenea ndani ya kofia, juma lile lile Mama Kijiko alipoolewa. Alipoona namna anavyokula, anavyolala, na akiamka anavyoulizia chakula, Kaka alisema kiumbe huyu hana jina jingine, ni shemeji kamili. Mume wa Mama Kijiko alicheka mpaka akashika mbavu. Ukiita jina hilo pale nyumbani, walikuwa wanageuka wawili. Sasa mume alikuwa kazini mbali, akijenga barabara, na aliyebaki kugeuka ni mbwa peke yake.

Siku hizi hakuna aliyecheka. Wateja walioleta nguo za kushonwa walisimama nje wakanyoosha kitambaa kupitia dirishani. Wengine walisema watarudi, na hawakurudi.

Yote yalianzia kwenye ugonjwa wa Baba. Baba alikuwa mlinzi wa geti maisha yake yote, na msemaji hodari. Alikuwa na uwezo wa kukusindikiza kwa maneno mpaka njia panda, ukafika umechoka kucheka. Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua mguu wa kulia na mkono wa kulia, mkono ukajifunga ngumi. Kikachukua na maneno. Katika maneno yote aliyokuwa nayo mzee yule, lilimbakia moja tu, nalo ni “basi.”

Chai ikiwa ya moto alisema basi. Akitaka kuinuliwa, basi. Mtu akiingia, basi, na akitoka, basi. Watani wa mtaani walisema mzee amefika kituoni, anasubiri usafiri. Mama Kijiko hakujali utani wao. Alikuwa amejifunza kumsoma Baba machoni, na katika neno lile moja aliweza kusikia karibu kila kitu: njaa, shukrani, hasira, hata mzaha.

Dada wa mazoezi alikuwa akija kumnyoosha viungo. Siku ile alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, akiifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja, kwa subira, mpaka kiganja kikalala wazi kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa. Akaweka mkono wake ndani ya kiganja, akamwambia mzee ajaribu kuubana. Iliuma. Baba akasema, “Basi. Basi.”

Shemeji akainuka na kuudaka ule mkono.

Hakubweka, hakunguruma, hakuonyesha jino. Hicho ndicho kilichomgandisha Mama Kijiko damu kuliko meno yenyewe. Mbwa anayebweka unajua anakuja. Huyu alikwenda kimya kama mtu anayechukua kitu chake. Dada wa mazoezi alishtuka akauvuta mkono, na katika kuuvuta ndipo ulipochanika. Mama Kijiko alitoka mbio kwenye cherehani akipiga kelele, “Basi! Shemeji, basi!” Kila alipozidi kupiga kelele, ndivyo mbwa alivyozidi kushika. Aliachia pale tu Baba alipompapasa kichwa kwa mkono wake mzima.

Baada ya kidonda kushonwa, Kaka alikuja. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, hakutaka kukaa. Alikuwa ameamua. Dada wa mazoezi, pamoja na bandeji yake, ndiye aliyemwomba asubiri. Alisema kuna daktari wa wanyama anayeshughulikia tabia zao, wampeleke huko kwanza, mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Kaka alisema huyo si mtu. Mwishowe akakubali, lakini kwa sharti lake: daktari akisema Shemeji hafai kuishi na watu, atachomwa sindano ya kulala moja kwa moja, siku hiyo hiyo.

“Nilimleta mimi,” alisema, “nitamwondoa mimi.” Kisha akageuza uso, akajifanya anatazama gari lake.

Hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa sababu ya Kijiko.

Kijiko alikuwa binti wa Mama Kijiko, mtoto wa kutambaa juzi na kukimbia leo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa haachi kijiko mkononi hata akilala. Kila jioni alipanda mapajani kwa babu yake, akapenyeza vidole ndani ya ile ngumi iliyokufa. Mchezo ule waliuita jela. Ngumi ilimshika, yeye akijivuta na kucheka, mpaka Babu atamke “basi,” na mama mtu aje kumfungulia. Tangu siku ya mkono kuchanika, mtoto hakukanyaga barazani kama mbwa hajafungwa uani. Hata hivyo Mama Kijiko aliota mchana akiwa macho. Mguu ulikuwa kwenye cherehani, sindano ikishuka na kupanda, na yeye alikuwa anaona vidole vya mwanawe.

Kliniki walimpigia simu wakamweleza namna ya kujiandaa. Mwenye kupokea simu pale alisema kwa upole, akirudia kila jambo. Mbwa azoeshwe kikapu cha mdomoni taratibu, kwa kuwekewa ndani kitu anachokipenda, asilazimishwe. Arekodiwe video akiwa katika shughuli zake za kawaida, bila kuchokozwa. Asubuhi ya safari asile. Waje na kitu anachokilalia, chenye harufu ya kwao. Waje watu wazima wote wanaoishi naye, na mzee pia. Mtoto abaki kwa jirani. Mama Kijiko alijibu ndiyo, ndiyo, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia. Kuzungumza na watu wa ofisi kulikuwa kunamkausha mate tangu utotoni.

Video aliichukua akiwa nyuma ya pazia. Ndani yake hamkuwa na lolote la ajabu ila moja, ambalo alikuwa ameliona siku nyingi na halikumpa raha. Shemeji alikuwa anatazama watu mikono. Analala, mara anasimama, anakodolea mkono wa Baba. Mteja akinyoosha kitambaa, anakodolea mkono wa mteja. Hatazami uso, anatazama kiganja.

Ilibaki kazi ya kikapu.

Alichemsha maini, akayakatakata vipande vidogo. Alimpeleka Kijiko ndani, akafunga mlango. Alikaa chini barazani, kikapu mguuni, bakuli la maini nyuma ya mgongo wake, na mbwa mbele yake amekaa kitako. Baba alikuwa kitini, anatazama. Mama Kijiko alisikia jasho jembamba likishuka katikati ya mabega. Tangu Shemeji angali mdogo alikuwa amelala naye nyumba moja, hajawahi kumwogopa. Sasa kila alipotazama ile pua nyeusi, iliyolowa, alirudisha mkono nyuma.

Alidondosha kipande ndani ya kikapu. Shemeji aliingiza mdomo, akala, akatoa. Akadondosha kingine. Vizuri. Alichukua cha tatu, kikawa bado kiko kiganjani mwake pale simu ilipolia.

Ilikuwa kliniki. Walitaka kuhakikisha kama watafika. Alibana simu kwa bega, mkono wa kushoto umeshika kikapu, wa kulia umebaki wazi hewani na kipande cha ini juu yake, na akili yake yote imekwenda kwenye kutafuta maneno ya adabu. Ndiyo, watafika. Ndiyo, wana usafiri. Ahsante sana.

“Haya, basi,” alisema.

Mdomo ulishuka kwenye kiganja chake.

Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Alihisi pumzi ya moto, kisha midomo laini kama kitambaa cha hariri ikapita juu ya ngozi, na ini halikuwepo. Shemeji alikuwa amekwisha rudi kukaa pale pale alipokuwa, anamtazama kwa macho ya mtoto aliyejibu swali vizuri.

Alikaa muda akiwa ameshika mkono wake kwa mkono mwingine, akihesabu vidole kwa kuvigusa. Vilikuwa vyote.

Kisha akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kuamini kwamba alilifanya. Alichukua kipande kingine akakiweka kiganjani, akaunyoosha mkono. “Shemeji,” alisema. Mbwa hakujongea. “Kula.” Hakujongea, mate yakimdondoka. “Chukua.” Kimya.

“Basi.”

Ini likaondoka.

Ndipo alipokumbuka geti. Alikuwa bi harusi mpya, hajapata mtoto, amempelekea Baba chakula kazini. Baba alikuwa na Shemeji pale kibandani, na wezi wa siku zile walikuwa na desturi ya kuwarushia mbwa nyama yenye sumu. Baba alimfundisha asile chochote cha kazini ila kutoka kwenye kiganja chake cha kulia, tena kwa ruhusa. Alimwekea mnofu pale, akamwambia ngoja, ngoja, mbwa akitetemeka, mpaka mzee mwenyewe aridhike ndipo amwambie: haya, basi. Nyumbani Shemeji alikula kwenye sufuria yake kama mbwa yeyote. Hayo ya kiganja yalikuwa mambo ya getini, baina yao wawili, na nyumbani hakuna aliyeyafikiria tena.

Kwa mbwa yule basi haikuwa acha. Basi ilikuwa chukua.

Mama Kijiko alilisogeza bakuli mbali. Kumbe mzee alipolia kwa maumivu kwamba basi, alikuwa anaruhusu, na kilichokuwemo kiganjani ni mkono wa mtu. Kumbe yeye mwenyewe alipokuja mbio akipiga kelele basi, basi, alikuwa anamwambia mbwa shika, shika. Na kila jioni, vidole vya Kijiko vikiwa ndani ya ngumi ile, neno lilikuwa linatamkwa, na sababu pekee ya mtoto kuwa mzima ni kwamba saa hizo Shemeji huwa uani kwenye sufuria yake.

Aliinua uso akamtazama Baba.

Baba alikuwa ameona kila kitu, na kuelewa alikuwa ameelewa, maana kiharusi hakikugusa akili yake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alifungua mdomo, neno likafika pale ulimini, Mama Kijiko aliliona kabisa linakuja. Kisha mzee akabana midomo, akalimeza.

Hakulisema tena siku ile. Chai ilikuwa ya moto, akainywa hivyo hivyo, uso umekunjamana. Alitaka kuinuliwa, akasubiri mpaka aonekane. Jioni, Shemeji akiwa amefungwa uani kwa mnyororo, Mama Kijiko alimweka mtoto mapajani kwa babu yake, akidhani labda hilo litamfungua. Kijiko alipenyeza vidole, ngumi ikamshika, akajivuta, akacheka, akangoja. Babu alimtazama tu. Mtoto aliacha kucheka. “Babu, sema,” alimwambia. Babu hakusema, na ngumi, ambayo haikuwa na uwezo wa kufunguka yenyewe, iliendelea kushika. Kijiko akaanza kulia, na mama yake ikabidi aje kuvichomoa vile vidole bila neno, mtoto akilia kwa sauti na babu bila sauti.

Alitakiwa kumpigia simu Kaka. Alishika simu, akaiweka, akaishika. Alijua Kaka atajibu nini, kwa sababu na yeye alikuwa amekwisha piga hesabu hiyo. Neno haliwezi kuondolewa kwa Baba. Mtoto haondoki. Katika nyumba ile aliyebaki wa kuondoka ni mmoja. Sasa ameshika ushahidi wa kumtetea Shemeji, na huo huo unaweza kuwa wa kumuua. Aliificha simu chini ya vitambaa, asimpigie.

Siku ya kwenda, Kaka alifika mapema na maneno yake ya kawaida ya mtu mwenye haraka. Basi tuondoke. Basi mfungeni vizuri. Basi, mzee, mguu huu kwanza. Mama Kijiko hakujua kwamba watu wanasema neno hilo mara nyingi kiasi kile. Kila lilipotoka, sikio la Shemeji lililosimama liligeuka, na macho yakatafuta kiganja. Kikapu kilikuwa mdomoni, kamba Mama Kijiko alikuwa ameizungusha kwenye mkono wake mpaka vidole vikafa ganzi. Njiani redio ya gari ilikuwa inasoma habari, na hata msomaji wa habari alilisema. Mama Kijiko aliinama akaizima. Kaka alimtazama kwenye kioo.

“Una nini, mdogo wangu?”

“Kichwa,” alisema.

Waliingia kwa mlango wa nyuma, wasikutane na mbwa wengine. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu ya vigae, harufu ya dawa, beseni la maji kwenye kona. Mama Kijiko alitandika gunia ambalo Shemeji hulalia, lakini Shemeji hakulilalia. Alisimama mbele ya kiti cha Baba. Daktari alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Hakumgusa mbwa wala kumtazama machoni. Alikaa kwenye kigoda mbali nao, ubavu ubavu, akauliza mambo kana kwamba hakuna mbwa chumbani.

Kaka ndiye aliyejibu. Alieleza yote kwa haki, hakutia chumvi. Mbwa mpole miaka yote, kisha ghafla, bila kuchokozwa, bila kunguruma, akamng'ata mtu aliyekuja kusaidia. Daktari aliitazama video kwenye simu, akairudia. Kisha akageuka kwa Baba, akamsalimu shikamoo, akamuuliza kama mbwa huyu ni wake.

Baba alifumba midomo.

“Mzee, leo hata basi hamna?” Kaka aliuliza, akijaribu kucheka. “Huyu ana neno lake moja, daktari, ila leo naona kalisahau nyumbani.”

Shemeji alikuwa amegeuza kichwa kwa nguvu kutazama ngumi ya Baba. Daktari aliliona hilo. Aliuliza anatafuta nini pale. Kaka akasema hajui, siku hizi ndivyo alivyo. Mama Kijiko alifungua mdomo, akaona koti jeupe, akaona kalamu mfukoni, mate yakamkauka.

Daktari alivuta pumzi. Alisema hatawadanganya. Mbwa anayenguruma anakupa nafasi ya kukimbia, lakini anayeuma bila kuonya, bila sababu inayojulikana, katika nyumba yenye mtoto mdogo na mgonjwa asiyeweza kujitetea, huyo ni mzigo mzito sana. Angependa kupata sababu. Kama sababu haipo, itabidi wazungumze juu ya uamuzi mgumu.

Kaka aliinamisha kichwa. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, hiyo sindano inauma?

“Ni neno,” alisema Mama Kijiko.

Walimgeukia wote. 

“Hajauma bila sababu. Aliambiwa achukue. Baba alimwambia, na mimi nikamwambia. Sote tulimwambia.” Na kwa kuwa alikuwa amekwisha anza, akaendelea, akielekeza maneno kwenye vigae vya sakafu: kibanda cha getini, nyama ya wezi, kiganja cha kulia, maini, simu. Alipolifikia neno lenyewe hakuthubutu kulitamka. Alilisema kwa vipande, ba, halafu si, kama mtoto anayejifunza kusoma, na Kaka akawa anamtazama kana kwamba hajawahi kumwona.

Daktari hakuonyesha kama ameamini au hakuamini. Aliuliza maswali machache, mafupi, hasa juu ya kile kiganja, kilikuwa kimefunguka au kimefumba. Kisha akatoa glavu, akaijaza pamba mpaka ikavimba kama mkono wa mtu. Aliomba ruhusa ya mzee, akaifungua ngumi polepole, akailaza glavu kiganjani. Akarudi nyuma kabisa, ukutani.

“Nataka kuliona kwa mzee mwenyewe,” alisema. “Ndiye anayeishi na neno hilo. Kikapu kiko mdomoni, kamba unayo. Mzee, tafadhali liseme.”

Baba alitikisa kichwa. Chozi lilimshuka likaingia kwenye mkunjo wa mdomo, na midomo ikazidi kujibana.

Mama Kijiko alipiga magoti mbele yake, kamba imemkata mkono, pumzi ya Shemeji kwenye shavu lake. Akili yote ilimwambia atoke pale katikati.

“Baba,” alisema, “ukinyamaza atakufa kwa kosa asilolijua. Liseme tu. Mimi nimemshika.”

Mzee aliitazama kamba mkononi mwa binti yake.

“Basi,” alisema, kwa sauti ndogo, iliyochakaa.

Mbwa akaenda. Kamba ilimvuta Mama Kijiko begani, kikapu kikagonga ile glavu, mara moja, kikaisukuma ikaanguka. Hakuikimbilia. Alikaa kitako mbele ya Baba, mkia ukifagia vigae, uso juu, akingojea kupapaswa kama siku zote alipofanya alichoagizwa. Baba alinyoosha mkono wake mzima akampapasa kichwa.



“Huyu hakushambulia,” alisema daktari. “Aliitika.”

Kisha akaharakisha kuwapunguzia matumaini, maana aliona Kaka ameshika uso kwa viganja. Alisema meno hayajali nia. Mkono wa mtoto ungechanika vile vile. Hawezi kuwaahidi, na sindano aliyoiulizia kaka mtu hajaifuta, ameiweka kando tu wajaribu. Mbwa afundishwe upya: kila akilisikia neno hilo, chakula kiwe kwenye gunia lake, si mkononi mwa mtu yeyote, mpaka mwili wake uzoee kwenda huko. Itachukua muda. Kikapu kivaliwe wakati wa mazoezi ya mzee. Kuwe na kizuizi cha mbao kati yake na mtoto, na hicho kisifunguliwe kwa huruma.

“Na wewe, mzee,” aliongeza, “usilifiche. Nalihitaji. Bila wewe kulisema hatajifunza.”

Walipotoka nje, Kaka alimsimamisha Mama Kijiko kando ya gari. “Ulijua tangu lini?”

“Juzi.”

“Ukaninyamazia.”

“Niliogopa utasema kwamba neno halitoki kwa Baba, kwa hiyo atoke mbwa.”

Kaka alizungusha funguo kidoleni. “Ningesema,” alikiri. Kisha akafungua mlango, akainua mkono kumwashiria aingie. “Haya, ba...” Akalikata katikati, akamtazama Shemeji, Shemeji akamtazama kiganja. “Haya, tafadhali,” alisema Kaka, na lilikuwa neno geni kabisa mdomoni mwake.

Kizuizi alikipigilia misumari yeye mwenyewe, kwenye mlango wa barazani, akatikisa kila ubao. Jioni ile ile walianza. Shemeji alikuwa amevaa kikapu, Mama Kijiko ameshika kamba kwa mkono mmoja na maini kwa mwingine, na gunia limetandikwa mbali na kiti. Kijiko alikuwa upande wa pili wa mbao, akizigonga kwa kijiko chake.

“Baba,” alisema Mama Kijiko. “Haya.”

“Basi,” alisema Baba.

Mbwa aliondoka kuelekea kiganjani. Kamba ikamzuia. Mama Kijiko akatupa ini kwenye gunia, mbwa akageuka, akashangaa, akalifuata, akaingiza kikapu chini akalilamba kwenye tundu. Wakarudia. Vipande vingine vilianguka njiani. Wakarudia. Baba alilisema kwa woga, kisha kwa uzito wa mtu aliye kazini, na baada ya muda akaanza kulisema na lile jicho lake la mzaha, akimvizia mbwa alipozubaa.

Walikuwa wamepumzika, bakuli linakaribia kwisha, kamba imelegea kwenye mkono wake, pale sauti nyembamba iliposema nyuma ya mbao:

“Basi!”

Kijiko alikuwa amepitisha mkono kwenye nafasi ya ubao, mpaka kiwiko, kijiko kimenyooshwa kwa babu yake.

Shemeji alisimama. Alitazama ule mkono mdogo. Mama Kijiko alitaka kupiga kelele, na kelele pekee iliyokuwa kooni mwake ilikuwa neno lile lile. Alilibana kwa meno. Hakuvuta kamba, maana ilikuwa imelegea mno. Aliona sikio lililosimama likigeuka kwa mtoto, kisha kwa gunia, kisha kwa mtoto.

Mbwa akageuka. Alikwenda polepole, kama asiye na hakika ya njia, akakaa juu ya gunia, akaangalia chini kutafuta chakula ambacho hakikuwepo.

Mama Kijiko alimmwagia bakuli lote. Kisha akaenda akaushika ule mkono mdogo, akaurudisha upande wake wa mbao, akabaki ameushikilia kupitia nafasi ile, mpaka mtoto alipomwambia kwamba anamuumiza.

Kesho yake alimwomba Kaka aje na ubao mwingine, azibe ile nafasi.